Kabla hujaandika "doa": namna ya kulitafsiri neno stain

Mdogo wangu ni fundi seremala, karakana yake iko Chikongola, hapa Mtwara mjini. Mwaka mmoja, msimu wa korosho umechanganya na watu wameshika fedha, alipata oda ya meza ya mninga ya kulia watu sita. Mteja alikuja na kopo lake la dawa ya mbao alilonunua safarini. Mdogo wangu akanipigia simu.

"Shikamoo dada. Hili kopo limeandikwa wood stain. Ndiyo nini?"

Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikamjibu kalamu ikiwa bado mkononi: stain ni doa, wood ni mbao, hiyo itakuwa dawa ya madoa ya mbao. Meza ilikuwa na alama tatu, moja ya kitako cha kikombe cha chai na mbili za mikono yenye jasho. Akachovya kitambaa, akasugua pale kwenye alama, mahali pengine hakugusa. Alipotoka kula na kurudi, alikuta viraka vitatu vya kahawia iliyoiva kwenye ubao uliobaki mwekundu wa mninga, kila kiraka kama kiganja cha mtu mzima. Alipiga msasa mpaka mikono ikafa ganzi. Rangi ilikuwa imeshazama ndani ya mbao. Ikabidi arande uso wote wa meza upya, na mteja akasubiri wiki nzima zaidi.

Kopo lile halikuwa na kosa. Lilikuwa na rangi ya mbao, kama lilivyoandikwa. Kosa lilikuwa kwenye jibu langu, na mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza.

Tangu siku ile nimelichukulia neno hili kwa uzito. Jioni watu huniletea karatasi nyumbani: lebo za sabuni, fomu za hospitali, maelekezo ya mashine, barua za shule. Stain inatokea mara nyingi kuliko unavyodhani, na kila ikitokea naweka kalamu chini kwanza. Hapa naeleza ninavyofanya, kwa mwanafunzi, kwa mtafsiri anayeanza, na kwa fundi yeyote mwenye kopo mkononi.

Uliza kwanza: rangi hii ilitakiwa?

Kwa Kiswahili doa lililoingia kwenye kitu halijawahi kutakiwa. Hakuna anayekwenda dukani kununua doa. Ukisema doa umeshatoa hukumu: kitu kilikuwa kizuri, kimeharibika. Kiingereza hakihukumu hivyo. Kwao stain ni rangi iliyoingia ndani ya kitu ikakaa. Iwe imeingia kwa bahati mbaya au imetiwa na fundi aliyelipwa, neno ni hilohilo. Kwa hiyo kabla ya kugusa kamusi, tafuta kwenye sentensi ni nani aliyeitia rangi na kama alikusudia. Ikiwa alikusudia, usiandike doa. Andika rangi, tia rangi, au paka rangi inayopenya.

Sababu ya neno kuwa pana hivi iko kwenye ukoo wake. Waingereza wa karne ya 14 walikuwa na neno refu zaidi, distain, walilolichukua kutoka Kifaransa cha kale, desteindre. Ndani yake mna teindre, kutia rangi, lililotoka kwenye Kilatini tingere, kuchovya au kutia rangi. Na mbele yake kuna des-, yenye maana ya kuondoa. Yaani mwanzoni kabisa neno lilihusu kuondoa rangi, kupausha. Kisha likateleza: kitu kilichopotewa na rangi yake ni kitu kilichoharibika sura, na kitu kilichoharibika sura ni kama kilichotiwa rangi isiyo yake. Kichwa cha neno kikakatika, ikabaki stain.

Upande wa pili kulikuwa na Waskandinavia waliohamia Uingereza karne kadhaa kabla. Hao walikuwa na steina, kupaka rangi, neno lenye undugu na steinn, jiwe. Mito hiyo miwili ikakutana kwenye neno moja. Mmoja ulileta kuharibu sura, mwingine ukaleta kupaka. Ndiyo maana hadi leo Mwingereza anaweza kulitumia kwa shati lililomwagikiwa chai na kwa meza inayopendezeshwa, bila kuona ajabu.

Angalia pia kwamba lilianza kama kitenzi. Kulitumia kama jina la kitu kulikuja baadaye, karne ya 16. Kwetu mambo yamekaa kinyume: doa ni jina la kitu, na ukitaka kitenzi lazima ukalikopeshe kingine, tia doa, ingia doa, shika doa. Hili nitalirudia, maana ndipo penye mtego mkubwa.

Ndugu wengine wa Kilatini kile unawafahamu. Tincture, ile tincha ya ayodini ya kwenye chupa ndogo, imetoka kwenye tingere hiyohiyo. Na ayodini yenyewe ikikugusa kidole inakuachia ukahawia hadi kesho yake.

Mbao na maabara

Kwa fundi seremala, wood stain ni rangi inayopenya. Ni rangi iliyochanganywa kwenye mafuta au maji, nyepesi, unapaka kwa kitambaa, unaiacha inywewe na mbao, kisha unafuta inayobaki juu. Rangi ya kawaida inakaa juu na kuufunika ubao. Hii inaingia, na mistari ya ubao inaendelea kuonekana. Ikikauka ndipo unapaka vanishi. Kwa hiyo kwenye kopo naandika: rangi ya mbao, inapenya, paka sehemu yote kwa usawa. Haya maneno matatu ya mwisho ndiyo yangemwokoa mdogo wangu.

Wachonga vinyago wanaijua kazi hii bila kuwa na kopo. Mpingo wa kweli una moyo mweusi unaotokana na mti wenyewe, na kandokando yake kuna mbao nyeupe changa. Wako wanaochonga mti mwingine mwepesi wa rangi na kuusugua kiwi nyeusi ya viatu mpaka ung'ae kama mpingo. Mgeni akiuliza kwa Kiingereza kama kinyago kimekuwa stained, haulizi kama kina doa. Anauliza kama weusi ule ni wa mti au wa kiwi. Nilimsikia mkalimani mmoja akimjibu mgeni, "Hapana, ni kisafi kabisa." Muuzaji akatabasamu, mgeni akalipa, na swali halikujibiwa. Ukitaka kulitafsiri sawasawa, sema: "Anauliza, kimepakwa rangi au ni rangi yake ya asili?" Ukitaka kujua jibu mwenyewe, tazama mahali palipokatika au chini ya kitako, ambako mkono wa kiwi haukufika.

Maabara nako ni rangi ya makusudi, tena rangi inayookoa maisha. Kidato cha kwanza, kwenye baiolojia, tunabandua ngozi nyembamba ya kitunguu, tunailaza kwenye slaidi, kisha karatasi ya maelekezo inasema stain with iodine. Mwanafunzi mmoja alidondosha tone, akaona ngozi imegeuka njano-kahawia, akaniuliza kwa wasiwasi, "Mwalimu, imechafuka, tuioshe?" Nilimwambia atazame kwanza kwenye hadubini. Kuta za seli zilikuwa zimejipanga kama matofali, na ndani ya kila tofali kuna kinukta. Bila ayodini angeviona kwa shida sana. Hapo stain ni kutia rangi ili kisichoonekana kionekane.

Mtu wa maabara hospitalini anafanya kazi hiyohiyo anapopima malaria. Anapaka damu kwenye slaidi, anaiacha ikauke, anatia rangi ya Giemsa, iliyopewa jina la mkemia Mjerumani Gustav Giemsa aliyeitangaza mwaka 1904. Kimelea kinaonekana na kiini chekundu na mwili wa buluu. Kwa kifua kikuu kuna rangi ya Ziehl na Neelsen, ambayo vijiti vya bakteria vinaishika nyekundu na kukataa kuiachia hata vikioshwa kwa asidi. Na mwaka 1884 Hans Christian Gram wa Denmark alitoa njia inayozigawa bakteria makundi mawili: zinazobaki zambarau na zinazoishia pinki. Ukiona kwenye majibu Gram stain positive, usimwambie mgonjwa amekutwa na doa. Mwambie bakteria waliopatikana ni wa kundi linaloshika rangi ya zambarau ya Gram, kisha daktari aendelee.

Nani anatia, nani anashika

Sasa kitenzi. Mwingereza anaweza kusema kwamba mabibo, yale matunda ya mkorosho, stain, na papo hapo akasema kwamba pamba nyeupe stains. Kitenzi ni kimoja. Kwenye sentensi ya kwanza kitu kinatoa rangi, kwenye ya pili kinaipokea. Kiswahili hakikuruhusu kuzichanganya, na hilo ni jema kwetu. Mabibo yanatia doa. Pamba nyeupe inashika doa. Ukikosea hapo umegeuza habari yote.

Nilikutana nalo kwenye chupa ya mafuta ya nywele yaliyoandikwa kwamba does not stain. Binti yangu alitafsiri "hayapati doa". Mafuta yapate doa vipi? Maana yake ni kwamba hayaachi doa kwenye kola ya shati wala kwenye foronya. Jiulize: kitu hiki ni mmwagaji au mmwagiwaji? Mafuta, chai, wino, hina, dawa ya viatu ni wamwagaji: vinatia doa, vinaacha doa. Kitambaa cha meza, zulia, jino, sakafu ya saruji ni wamwagiwaji: vinashika doa, vinaingia doa. Na ukiona stain-resistant kwenye kitambaa cha kochi, andika "hakishiki doa upesi". Usimwahidi mtu kwamba hakitaingia doa kamwe, maana atakuja kwako siku mtoto atakapomwaga juisi.

Doa lenyewe: uliza limetokana na nini

Ukishahakikisha kwamba rangi haikutakiwa, ndipo doa linapoingia, na hata hapo si kila mara. Mimi huwa nayapanga hivi kichwani. Doa ni la kitu kilichodondoka au kugusa. Waa ni kama doa, ila lina harufu ya lugha ya zamani na ya dini, asiye na waa, na linafaa pale mwandishi anaposema usafi wa mtu. Baka ni eneo pana lenye mpaka, kwenye ngozi, kwenye jani la muhogo au ganda la tunda. Uso wa mtoto aliyelia una michirizi ya machozi, hauna madoa, hata kama Kiingereza kimeandika tear-stained. Rust stain ni alama ya kutu. Alama nyeusi za vidoti kwenye nguo iliyokaa kwenye kabati masika nzima ni ukungu, nao unakula kitambaa. Shuka la mtoto aliyejikojolea, kila mama anasema lina ramani.

Mfano ninaoujua kwa mikono yangu ni korosho. Kuanzia Oktoba watoto wa huku hawavai nguo nzuri kwenda mashambani, na kuna sababu. Mtoto analing'ata bibo, analifyonza, maji yanachuruzika kidevuni hadi kifuani. Pale pale huoni kitu. Ni kama amemwagikiwa maji yenye sukari. Unafua kwa mche wa sabuni, unaanika juani, unakwenda kuanua: kifua kizima kina ukahawia wa ubao. Bibo lina tanini, ileile iliyomo kwenye chai ya rangi na ndizi mbichi, na tanini ikikaa kwenye hewa na jua inakolea. Nikisoma kwenye ripoti ya Kiingereza maneno cashew stain, kitu cha kwanza ninachotaka kujua ni bibo au ganda. Kwa sababu ganda la korosho halina maji, lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Wanawake wanaobangua korosho bila kinga wana vidole vyeusi vilivyokauka, na kwenye nyufa za ngozi weusi umekaa ndani. Siku moja niliombwa kutafsiri ukurasa uliosema hands stained by the shell. Wa kabla yangu alikuwa ameandika "mikono yenye madoa". Msomaji akisoma hivyo atashauri sabuni. Mimi niliandika "mikono iliyobabuka na kuingia weusi kwa mafuta ya ganda". Atakayesoma hivyo atafikiria glavu, au walau majivu na mafuta ya kupaka kabla ya kazi, kama wanavyofanya wenyewe.

Lebo za sabuni za unga na za maji zina mtego wa namna yake. Zinagawa madoa kwa majina ya kikemia: protein stains, tannin stains, oil stains, dye stains. Ukiyatafsiri kama yalivyo, "madoa ya protini", mama aliye kwenye karai hapati kitu. Andika vitu anavyovijua.

Madoa ya protini ni damu, maziwa, yai, jasho, kinyesi cha mtoto. Lebo inasema maji baridi, na sababu ni ileile ya yai kwenye sufuria: joto linaigandisha protini, damu ikimwagiwa maji ya moto inapikwa ndani ya uzi. Madoa ya tanini ni chai, kahawa, mabibo, maji ya mgomba. Hayo suuza upesi kwa maji mengi baridi kisha tumia sabuni ya maji. Mche wa sabuni unaweza kuyakaza, na ndicho kilichotokea kwenye lile shati la mabibo. Madoa ya mafuta ni mchuzi, nazi, grisi ya pikipiki: hayo yanataka sabuni ya kuoshea vyombo, ipakwe nguo ikiwa bado kavu. Kundi la mwisho, rangi zenyewe, ni manjano, hina, wino, mirinda nyekundu.

Manjano yana kituko chake kinachowatisha watu. Kanga imedondokewa mchuzi wa samaki, doa ni njano, ukipaka sabuni linageuka jekundu kama damu. Jirani yangu alinikimbilia na kanga mkononi akisema, "Mama, sabuni hii imeniharibia kanga ya mwanangu." Sabuni haikuwa na kosa. Rangi ya manjano inabadilika ikikutana na kitu chenye magadi. Tulidondosha limau palepale mbele yake, wekundu ukarudi njano. Kisha nikamwambia asuuze, afue tena, aanike juani siku mbili tatu, kwa sababu rangi hiyo haistahimili jua. Mtu akitafsiri lebo ya sabuni na kukuta onyo kwamba baadhi ya stains hubadilika rangi, asiliruke. Ni hili.

Na kuna sentensi moja kwenye chupa za klorini ya kung'arishia nguo ambayo nataka itafsiriwe neno kwa neno bila kupambwa: usichanganye na asidi. Nyumbani asidi ni siki, limau, na dawa za kusafishia choo. Zikikutana zinatoa gesi yenye sumu. Siyo kwamba doa litakaa. Mtu anaweza kukosa pumzi ndani ya bafu. Na klorini kwenye alama ya kutu haifai hata kidogo, inaikoleza. Kutu ni limau na chumvi juani, basi.

Kwenye karatasi za hospitali usibahatishe

Binti wa jirani anasomea ukunga. Alikuja jioni moja na daftari, akanisalimia, akakaa kwenye mkeka na kunionyesha maneno meconium-stained liquor. Alikuwa ameandika pembeni kwa penseli: "pombe yenye doa". Nilimuuliza kama inamwingia akilini. Akasema hapana, ndiyo maana amekuja.

Tulilitoa polepole. Liquor hapa ni maji ya uzazi, yale ya kwenye chupa. Meconium ni kinyesi cha kwanza cha mtoto, cheusi-kijani, kinachonata. Stained inasema maji yamegeuka rangi kwa kuingiwa na kinyesi hicho. Tukaandika: "maji ya uzazi yaliyogeuka kijani kwa sababu mtoto amejisaidia tumboni". Kisha nikamtaka aandike pia kwa maneno atakayomwambia mama mjamzito, kwa sababu mama hatasoma daftari: "Chupa ikipasuka ukaona maji ni ya kijani au ya kahawia, usisubiri uchungu, njoo haraka." Inaweza kuwa ishara kwamba mtoto anapata shida na anatakiwa kuangaliwa kwa karibu. Neno doa lingeficha yote hayo. Mama angefikiria chupi yake na kwenda kuifua.

Port-wine stain ni baka jekundu la kuzaliwa, linalotokana na mishipa midogo ya damu iliyotanuka chini ya ngozi. Halina uhusiano na mvinyo wala na kitu ambacho mama alikula akiwa mjamzito. Andika baka, usiandike doa. Mzazi anayesoma doa kwenye cheti cha mwanawe ataanza kumsugua.

Kwenye meno, tofautisha rangi iliyoganda juu, ya chai au ugoro, ambayo daktari anaweza kuisafisha, na ukahawia ulio ndani ya jino lenyewe kama wa watu waliokulia kwenye maji yenye floraidi nyingi, Arusha na Kilimanjaro. Kiingereza kinaviita vyote stains. Ukiandika doa kwa vyote viwili, mgonjwa wa pili atanunua dawa za kusugua bila mwisho.

Stenlesi

Sufuria ya stenlesi inajulikana na kila mtu, kwa hiyo liache neno hilohilo. Jina lina kisa kinachofaa kukumbukwa. Mwaka 1913, Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alitengeneza chuma chenye kromiamu nyingi na kukiita chuma kisichoshika kutu. Aliyekibadilisha jina kuwa stainless ni Ernest Stuart, meneja wa kiwanda cha visu, baada ya kukijaribu kwa siki na kuona hakiachi alama. Mtoto wa Mtwara anaelewa haraka: kisu cha chuma cha kawaida ukikatia bibo kinageuka cheusi hapohapo, cha stenlesi kinabaki kilivyo. Ila jina linasema hakiingii doa kirahisi, halisemi hakiharibiki. Huku pwani, Shangani na Mikindani, chumvi ya hewa inakitoboa vidoti kisipofutwa.

Ukirudi kutoka Kiswahili

Wanafunzi wangu wanakwama zaidi upande huu. Tunasema chui ana madoadoa, kwa hiyo kwenye mtihani wanaandika kwamba chui ana stains. Sisi doa linabeba vyote viwili, alama ya asili na alama ya uchafu. Waingereza wamezitenga. Alama ya mviringo, ndogo, hata ya kuzaliwa nayo, ni spot. Stain kwa kawaida imetoka nje ikaingia, ukiacha majina ya kitabibu kama port-wine stain. Nawaambia wajiulize: angezaliwa nayo? Chui, kanga wa porini, ng'ombe wa madoa: spots. Sare ya shule baada ya msimu wa mabibo: stains. Matone ya wino kwenye daftari yana lake pia, blot.

Kwenye sifa za mtu lugha mbili zinakutana vizuri. Ametoka mahakamani bila doa, jina lake limeingia doa: hapo tafsiri moja kwa moja na uendelee.

Ukiwa na karatasi na hujui rangi ilitakiwa au haikutakiwa, mpigie aliyekupa karatasi. Muulize kitu hicho kiko wapi, kina rangi gani, na anataka kukifanya nini. Kwangu huchukua dakika mbili. Mdogo wangu siku hizi hanipigii kwanza. Anapiga picha kopo lote, mbele na nyuma, ananitumia, kisha anasubiri. Lile kopo la kwanza bado liko kwenye rafu ya karakana. Limezungushiwa plasta nyeupe, na juu yake kwa mwandiko wake kumeandikwa: RANGI YA MBAO. INAPENYA. PAKA YOTE.